Mtani wa Bwana wa Ulanga

Yule bwana alikuwa anang'aa. Hicho ndicho kitu cha kwanza Una alichokiona Jumamosi ile katika soko la Morogoro, mwaka 1944, vita vya Ulaya vikiwa vimepamba moto. Alikuwa mwanamume mrefu, kaptula ya kaki, mikono ya shati imekunjwa, na mabega yake yakimetameta juani kama aliyemwagiwa magamba ya samaki. Kumbe lilikuwa vumbi la ulanga, yale madini yanayobanduka kama karatasi, ambayo Wamarekani waliyataka kwa redio za ndege zao na Waluguru wakawa wanayachimba huko milimani.

Mikononi alikuwa amekumbatia tenga la njegere ambalo Una alikuwa amekwisha kupatana bei yake kwa ajili ya wagonjwa wake. Una alikuwa muuguzi kutoka Ayalandi, katika zahanati ya misheni mlimani. Alivaa gauni jeupe lenye mkanda wa buluu, na nywele zake nyekundu kila mara zilichungulia chini ya kofia ya ukindu. Kiswahili alikisema vizuri, kwa kuwa Magdalena, msaidizi wake pale zahanati, hakumwachia kosa lipite.

"Hizo zina mwenyewe, bwana," alisema.

Yule bwana akageuka, akavua kofia, na kwa Kiswahili cha kuokoteza akamwuliza jina lake.

"Una."

Akatazama mikono yake mwenyewe. "Nina njegere," akajibu kwa unyenyekevu.

Magdalena alicheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. Una alijikaza, lakini midomo ilimsaliti. Njegere wakagawana, na yule bwana akalibeba tenga hadi mwanzo wa kilima, akieleza njiani kwamba anaitwa Emmett, ametoka Boston kule Marekani kuja kununua ulanga, na nyanya yake mzaa baba alikuwa Mwayalandi aliyevuka bahari akiwa kigoli.

Tangu siku hiyo, kila alipoteremsha ulanga stesheni, miguu yake haikujua njia nyingine ila ya misheni. Walikaa barazani wakinywa chai, huku ukungu ukishuka taratibu juu ya migomba. Emmett alisimulia habari za nyanya yake, ambaye mpaka leo aliapa kwa majina ya vijito vya kwao. Una naye alimwambia kwamba kijijini kwake hapakuwa na nyumba isiyo na mtu Marekani. Ugonjwa ulipoua viazi na njaa ikaingia, waliovuka ndio waliolisha waliobaki, na urafiki wa watu wa pande hizo mbili haujakatika tangu hapo.

"Kumbe tulikuwa ndugu kabla hatujaonana," alisema Emmett.

"Ndugu hawaoani."

"Basi sisi si ndugu," alijibu upesi, na Una akainamisha uso ndani ya kikombe.

Mambo yakawa hivyo, matamu, mpaka Jumapili moja Emmett alipofika akiwa na uso uliokunjamana. Mdogo wake, Kieran, alikuwa askari. Majeshi yalikuwa yameshuka pwani ya Ufaransa na habari zake hazikujulikana. Una alijaribu kumtuliza, akasema Mungu atamlinda. Emmett akaweka kikombe chini.

"Ni rahisi kwako kusema. Nchi yako imekataa kuingia vitani, imekaa pembeni inatazama wenzake wakifa."

Una alihisi masikio yakimwaka moto. Alimjibu kwamba nchi yake ni ndogo, imetoka juzi tu chini ya Waingereza, na majeraha yake hayajapona. Kama nyanya yake Emmett hakumfundisha hilo, basi hakumfundisha kitu. Emmett alichukua kofia akaondoka bila kuaga. Alipanda hadi machimbo ya juu kabisa, na hakuonekana tena barazani.

Una alifunga vidonda, akazalisha wanawake, akagawa kwinini. Jina la Emmett hakulitaja. Magdalena naye hakumwuliza, ila chai ya Jumapili aliendelea kuandaa vikombe viwili, akisema mkono umezoea.

Ndipo Lukasi, mume wa Magdalena, aliyekuwa mchimbaji, akateremka na habari. Kieran ameuawa. Bwana Emmett amejifungia hemani, hali chakula wala hasemi na mtu.

Una aliketi kwenye benchi la wagonjwa. "Hatataka kuniona. Mimi ndiye wa nchi iliyokaa pembeni."

Magdalena alikaa karibu yake. "Bi Una, sisi Waluguru na Wanyamwezi ni watani. Walipita hapa na misafara yao, tukapigana nao, tukalishana nao. Leo nikifiwa, Mnyamwezi haniulizi tuligombana lini. Atakuja, atafagia uwanja wangu, atanidhihaki mpaka nicheke na machozi yananitoka. Mtani haachi msiba. Na nyinyi wawili, kwa nilivyosikia pale barazani, kama si watani ni nini?"

Asubuhi Una alioka mkate wa kwao, ule wa magadi na maziwa ya mgando, akaufunga kwa kitambaa. Wakapanda, Magdalena mbele, kwenye njia yenye utelezi kando ya makonde ya kabichi.

Emmett alikuwa amekaa juu ya sanduku, ndevu zimemwota. Una hakumpa pole. Alichukua fagio akafagia hema lote, akamwamuru ainue miguu. Kisha akaivaa kofia ya Emmett, iliyomfunika mpaka puani, na kwa sauti nzito ya Kimarekani akasema, "Nina njaa, lakini nina kiburi zaidi."

Emmett alimtazama. Kicheko kikamtoka bila idhini, kikageuka kilio, naye Una akampakata kichwa mpaka gauni lake likalowa.

Alipotulia, Una alimega mkate. "Kaka yangu Fintan naye yuko Ufaransa. Alivuka akajiunga na jeshi la Waingereza kwa hiari, kama wenzake maelfu. Nyumbani baba hataki atajwe."

"Kwa nini hukuniambia siku ile?"

"Sikutaka kumtumia kaka yangu kukushinda kwa maneno."

Emmett alikipokea kipande cha mkate. Kisha akaomba msamaha, kwa Kiingereza, halafu kwa Kiswahili, ili Magdalena aliyesimama mlangoni naye asikie.

Aliwasindikiza wakati wa kuteremka. Walipofika penye mwinuko unaotazama mji, alimshika Una mkono. "Vita vikiisha, njoo nami Boston. Nyanya hajapata mtu wa kusema naye lugha ya kwao tangu babu afe."

"Unatafuta mke, au unamtafutia nyanya yako shoga?"

"Yote mawili, mpenzi. Lakini mke kwanza."

Una alitazama bonde, akamfikiria Fintan, akambana Emmett vidole. "Basi nitakuja."

Magdalena, aliyejifanya anafunga kitenge upya, akauliza huyo bwana amesema nini. Una akamwambia. Magdalena alitua kikapu, akapiga vigelegele, na wanawake waliokuwa wakilima ng'ambo ya korongo, wasiojua hata harusi ni ya nani, wakainua vichwa na kuitikia.