Sikio la Chuma la Mhunzi Sixten

Gunvor alikuwa jikoni anakata matango. Ilikuwa mchana, mwezi wa pili, na theluji ilikuwa imefika usawa wa madirisha.

"Sixten, niletee siki," alisema bila kugeuka.

Mumewe aliinuka mezani. Alishika kiti kimoja, akakiburuta hadi jikoni, akakiweka nyuma ya mkewe.

"Haya, kaa."

Gunvor alikitazama. "Hiki cha nini?"

"Si umeomba kiti?"

"Nimesema siki! Siki ya matango!"

Binti yao Tova alicheka mpaka kiazi kikamdondoka kwenye uma. "Mama, kuanzia leo uwe unamwandikia barua."

"Nyinyi ndio mnaonong'ona," alisema Sixten, akirudi kukaa. "Siku hizi nyumba nzima inanong'ona."

Sixten Dahlberg alikuwa mhunzi katika mji wa Eskilstuna. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, na arobaini kati ya hiyo alikuwa amefua chuma. Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba. Tova, mwenye miaka ishirini na sita, alikuwa fundi mwenzake. Walitengeneza mageti na vyuma vya ngazi. Kutwa nzima nyundo ililia juu ya fuawe, pande la chuma wanalofulia, na mashine ya kusagia chuma ilipiga kelele pembeni.

Vifunika masikio walikuwa navyo, jozi mbili. Vilining'inia msumarini, vumbi limejaa.

"Mhunzi husikiliza chuma," Sixten alizoea kusema. "Ukiziba masikio utajuaje kama chuma kimekubali?"

Na Tova aliyafanya yote kama alivyoyafanya baba yake.

Siku hiyo hiyo, saa tisa, jirani yao Anneli Kivimäki alikuja kunywa kahawa. Anneli alifanya kazi hospitalini, katika kitengo cha kupima masikio. Alikung'uta theluji kwenye viatu, akakaa, akachukua andazi la mdalasini.

"Sixten, nina kazi kwako," alisema kwa sauti kubwa. "Maktaba ya mji inataka sikio."

"Inataka nini?"

"Sikio. Kubwa kama mlango wa karakana yako. La chuma, lenye viungo vinavyocheza. Mtu azungushe mkono wa chuma, aone sauti inavyoingia mpaka ndani kabisa. Wameniuliza nani anaweza. Nikasema ni mtu mmoja tu, kwa sababu mle ndani kuna vitu vyake."

"Vitu vyangu vipi?"

Anneli alichora kwenye bahasha. "Sauti hupita kwenye tundu hili. Hugonga ngozi nyembamba, kama ngozi ya ngoma. Nyuma ya ngozi kuna vifupa vitatu. Cha kwanza kinaitwa nyundo. Cha pili kinaitwa fuawe. Cha tatu kinaitwa kikuku, kama kikuku cha kuwekea mguu ukipanda farasi."

Sixten aliitazama ile bahasha. Kisha akaanza kucheka.

"Yaani miaka yote hii nina karakana kichwani?"

"Mbili. Moja kila upande."

"Nitalitengeneza," alisema Sixten. "Mwezi wa tano mje mlichukue."

Kazi ilianza kesho yake. Ngozi ya ndama waliikaza kwenye duara la chuma. Nyundo, fuawe na kikuku walivifua wenyewe, kila kimoja kirefu kama mkono wa mtu, na kuviunganisha kwa bawaba. Mtu akizungusha mkono wa chuma, gurudumu liligonga ngozi, ngozi ikasukuma nyundo, nyundo ikasukuma fuawe, fuawe ikasukuma kikuku.

Nyuma ya kikuku walijenga konokono. Ndivyo sehemu ya ndani ya sikio ilivyo: imejipinda kama gamba la konokono. Ndani ya konokono halisi kuna maji, na ndani ya maji kuna vijinywele vidogo mno, macho hayavioni. Sauti ikitikisa maji, vijinywele hupeleka habari kwenye ubongo. Hapo ndipo mtu anaposikia.

Konokono wa Sixten alikuwa wa shaba nyekundu. Vijinywele vilikuwa vijiti mia mbili vya shaba ya manjano. Kila kijiti kiligonga kengele yake. Mlangoni mwa konokono zilikaa kengele ndogo zenye sauti nyembamba. Ndani kabisa zilikaa kengele kubwa zenye sauti nzito.

"Ndivyo sikio lilivyopangwa," alisema Anneli. "Sasa sikiliza. Mtu akizungusha kwa nguvu nyingi, kwa muda mrefu, nataka vijiti vya mlangoni vilale."

"Halafu springi iviinue."

"Hapana. Vilale, basi."

Sixten aliweka koleo chini. "Mashine gani hiyo, ikianguka haiinuki?"

"Sikio."

"Mimi sitengenezi kitu kibovu, Anneli."

"Basi hutatengeneza sikio. Vijinywele vikichoka kidogo, vikapumzika, huinuka. Lakini vikipigwa na kelele kila siku hufa, na havioti tena. Vya mlangoni ndivyo hufa kwanza."

Anneli alipoondoka, Sixten aliweka springi.

Jumamosi moja asubuhi, mwezi wa nne, alikaa peke yake kujaribu kengele. Alizungusha taratibu. Ngozi ilitetema, nyundo ikapiga, vijiti vikacheza. Kengele kubwa zililia vizuri. Za katikati zililia. Lakini zile ndogo za mlangoni zilinyamaza.

Alisogea karibu. Vijiti viligusa kengele. Aliviona kwa macho yake vikigusa. Kimya.

Alizifungua kengele zote kumi na mbili za mlangoni, akazisafisha, akazirudisha. Kimya. Alizifungua tena, akasogeza vijiti. Kimya. Alichonga vichwa vya vijiti upya, kimoja kimoja. Jasho lilimtoka ingawa karakana ilikuwa ya baridi.

"Utalia tu," aliiambia kengele moja. "Nitakaa hapa mpaka ulie."

Alikuwa ameshika bisibisi kwa mara ya nne Tova alipoingia.

"Baba, mbona unazifungua tena?"

"Hazilii."

"Zinalia."

"Tova, leo sitaki utani."

"Sikutanii. Nimezisikia kutoka uani. Zinalia kama vijiko kwenye bilauri."

Sixten alimtazama binti yake usoni. Tova hakuwa anacheka. Basi akaenda mlangoni, akamwita mkewe.

"Simama hapo," alimwambia Gunvor. "Nipe mgongo. Fumba macho. Ukisikia kengele yoyote, inua mkono."

Alimwacha Tova azungushe, naye akasimama anaangalia vijiti. Kijiti cha kwanza kiligusa. Mkono wa Gunvor ukapanda. Kijiti kikaachia, mkono ukashuka. Kikagusa tena, mkono ukapanda. Tova alisimama ghafla katikati, mkono haukupanda. Akaendelea, ukapanda.

Mara kumi na mbili. Gunvor hakukosea hata moja.

Sixten aliketi juu ya kigogo kando ya fuawe. Bisibisi bado ilikuwa mkononi.

"Kwa hiyo hamnong'oni," alisema.

Gunvor alifumbua macho, akamwendea, akaweka mkono begani mwake. "Hatunong'oni, Sixten. Tunapiga kelele mpaka koo linauma."

Tova alikuwa ameegemea konokono. Alisema polepole, kama mtu anayetaka kuficha kitu lakini hawezi, "Baba, na mimi jioni tukifunga kazi, masikio yangu hulia. Kama kuna nyuki ndani. Asubuhi wanakuwa wameondoka. Nilidhani ni kawaida ya wahunzi."

Hilo lilimchoma Sixten kuliko kengele zote. Masikio yake aliyaharibu mwenyewe. Lakini haya ya Tova, ni yeye aliyemfundisha kuyaacha wazi.

"Chukua koti," alisema. "Twende kwa Anneli."

"Leo Jumamosi."

"Nyumba yake iko pale. Twende."

Anneli alifungua mlango akiwa na unga mikononi. Alisikiliza yote bila kukatiza.

"Tova, hao nyuki ni onyo," alisema. "Vijinywele vyako vimechoka, vinaomba kupumzika. Njooni hospitalini wiki ijayo. Wewe, Tova, utapimwa mara mbili: Ijumaa ukitoka kazini, na Jumatatu asubuhi kabla hujagusa nyundo. Kati ya hapo usikae kwenye kelele yoyote. Jumatatu ndiyo itatuambia kama masikio yanarudi."

Ijumaa Sixten alipimwa kwanza. Alivaa vipokea sauti, akabonyeza kitufe kila aliposikia mlio. Anneli alimwonyesha mchoro. Mstari ulianza juu, ukaenda vizuri, halafu ukaporomoka.

"Hapa ndipo zilipo kengele zako ndogo," alisema. "Na hapa ndipo ilipo sauti ya s, na f, na t. Mtu akisema siki, wewe unasikia i na i. Herufi nyingine unakisia."

"Dawa yake?"

"Dawa hakuna. Vifaa vya kusaidia kusikia vipo, nitakupimia. Vitakusaidia sana, lakini havitafufua kilichokufa."

Kisha Tova alipimwa. Mstari wake nao ulikuwa umeshuka, pale pale uliposhukia wa baba yake, ingawa si sana. Anneli alisema tu, "Tusubiri Jumatatu."

Siku mbili hizo zilikuwa ndefu. Tanuru halikuwashwa. Tova alitembea msituni na mama yake. Sixten hakwenda. Aliingia karakana, akang'oa springi zote za mlangoni, moja baada ya nyingine, kwa mkono, bila kugonga kitu.

Jumatatu, saa mbili asubuhi, alisimama nje ya chumba cha kupimia. Mlango ulifunguliwa. Tova alitoka na karatasi. Mstari ulikuwa umenyooka.

"Yamerudi," alisema Anneli. "Safari hii yamerudi. Ukiendelea vile vile, siku moja hayatarudi."

Siku hiyo hiyo mchana Anneli alifika karakana na kisanduku.

"Pima hivi," aliwaambia. "Simama umbali wa mkono mmoja kutoka kwa mwenzako. Ikibidi umpigie kelele ili akusikie, kelele hiyo inaua vijinywele. Ziba masikio au ondoka."

Alitoa vizibo laini. "Osha mikono kwanza. Visokote viwe vyembamba. Pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, ndipo tundu linanyooka. Sukuma ndani. Shikilia kwa kidole, hesabu mpaka thelathini, kivimbe. Kikibaki nje kama uyoga, hakijaingia."

Sixten alijaribu. Cha kwanza kiliruka sakafuni.

"Na vifunika je?" aliuliza Tova.

"Vikae kwenye ngozi, si juu ya kofia wala nywele. Mashine ya kusagia ikiwaka, vaa vyote viwili pamoja. Na usivue hata dakika moja eti unataka kusikia kitu. Zima mashine kwanza."

"Na chuma?" aliuliza Sixten. "Nitakisikilizaje?"

"Fua tuone."

Alipasha moto ufito wa chuma, akauweka juu ya fuawe, akapiga. Sauti ilikuja, ya chini, kama imepita ukutani. Lakini ilikuja. Na kitu kingine alikihisi kwenye kiganja: ufito ulipokataa, mpini wa nyundo ulimsukuma mkono; ulipokubali, nyundo ilizama. Kiganja chake kilijua hayo tangu zamani.

"Inatosha," alisema.

Mwezi wa tano sikio liliwekwa maktabani. Watu walijaa. Siku ya kwanza alikuja fundi mmoja wa kuezeka mabati, mtu mrefu aitwaye Jerker, ambaye Sixten alimfahamu kazini. Alishika mkono wa chuma, akazungusha kwa nguvu zake zote. Kengele zililia, kisha zile za mlangoni zikanyamaza. Vijiti vilikuwa vimelala. Jerker alisubiri.

"Mbona haviinuki? Umeharibika mtambo huu?"

"Hapana," alisema Sixten. "Unafanya kazi sawasawa."

"Sasa mtaviinuaje?"

"Jioni mtunza maktaba hufungua kijimlango cha nyuma na kuviinua kwa kidole."

"Na kwenye sikio la mtu?"

"Kijimlango hicho hakipo."

Jerker alikuna shingo. "Mimi nimeshazoea kelele, bwana."

"Hata mimi nilisema hivyo. Masikio hayazoei, Jerker. Yanakufa, nawe unadhani umezoea."

Jerker aliuachia mkono wa chuma. Kisha akaenda kwenye meza aliyokaa Anneli na vizibo vyake, akaketi kujifunza.

Mwaka uliofuata Tova alipimwa tena. Mstari wake ulikuwa umenyooka kama ulivyokuwa Jumatatu ile, na wale nyuki hawakurudi. Mlangoni mwa karakana aliweka rafu yenye vifunika sita, na mteja asiyevaa hakuruhusiwa kupita, hata awe na haraka gani. Sixten alikuwa amevaa vifaa vyake viwili vya kusikia, vya rangi ya kijivu. Baada ya kazi alivua vizibo, akavaa vifaa hivyo, akaingia ndani kula.

"Baba anazeeka vibaya," Tova alimnong'oneza mama yake jikoni siku moja.

"Nimesikia," alisema Sixten kutoka sebuleni.

Walicheka wote watatu.