Wapagazi wa Levina

Levina alitoka stationari ya Kanyenye saa kumi na mbili jioni, amekumbatia kurasa mia mbili na arobaini zenye joto la printa. Riwaya ya sita. Watu wa Tabora walishamzoea: mama mzima, mwalimu wa fizikia, anaandika vyombo vya angani vinavyoendeshwa na wapagazi wa Kinyamwezi! Walimcheka, halafu wakamsoma. Jioni ile alikuwa na haraka tu, maana Shukrani, binti yake wa miaka saba, alikuwa peke yake nyumbani.

Bodaboda aliyopanda ikapata pancha katikati ya njia ya Kwihara. Akaamua kumalizia kwa miguu.

Ndipo akasikia njuga.

Cha... cha... cha...

Mbele yake alitembea mzee, mzigo mrefu kichwani, umefungwa kwa kamba za magome. Alinuka jasho, nta na mfupa wa zamani. Shingo ilimtetemeka. Levina alilelewa na bibi mkali. Mtu mzima akibeba mzigo mbele yako, humpiti hivi hivi. Mdomo ukatangulia akili.

"Shikamoo babu. Nikupokee?"

Njuga zikanyamaza.

"Marahaba, mama," mzee alinong'ona bila kugeuka. "Umenichelewesha."

"Mimi?"

"Miaka kumi na moja. Uliniacha sura ya tisa."

Levina akamtambua. Maganga! Mpagazi wa riwaya yake ya kwanza. Alimtelekeza njiani kwa sababu wasomaji walitaka vita vya angani, si mzee na pembe zake za ndovu, na mwisho wake hakuuandika. Ila sheria aliiandika yeye, tena kwa furaha: mzigo wa mpagazi haushuki mpaka aliye hai aseme "nikupokee". Na akishasema, safari inakuwa yake. Hana nyumba tena.

Mzee akageuka.

Hakuwa na uso. Levina hakuwahi kumwandikia.

Halafu njia ikawa tupu, na uzito ukamwelemea Levina kichwani. Akapapasa... nywele tu. Lakini shingo ilikuwa inadidimia mabegani.

Alijikokota hadi nje ya uzio wake, akasimama hapo asiweze kuingia. Kwa nafsi yake alishakata tamaa. Aliyemwogopea ni Shukrani. Mtoto yule ana adabu. Hajawahi kuona mgeni na kikapu asimkimbilie kumpokea.

"Shukrani! Funga mlango! Usiseme na mtu!"

"Kwa nini, mama?"

"Nitii tu, mwanangu. Tafadhali."

Mlango ulikwisha kufunguka. Shukrani alisimama kizingitini na taa ya sola, akamulika nje. Hakummulika mama yake. Alimulika nyuma yake, mbali, njia nzima.

"Mama," alisema kwa huruma, "hao mababu wote wenye mizigo wamechoka."

Levina hakuweza kugeuka. Riwaya tano zilizokwisha kutoka... na hakumbuki ni wapagazi wangapi aliowaacha njiani. Alijaribu kupiga kelele. Mzigo ukamkandamiza shingo, sauti isitoke.

Shukrani akaweka taa chini, akapiga goti vizuri.

"Shikamooni."

Nyuma ya Levina, vinywa vingi vikaitikia kwa pamoja.