Ndoano ya Kijiko

Kila siku baada ya kengele ya mwisho, Kijiko alikuwa wa kwanza kufika chumba cha kompyuta. Alifungua madirisha, akapangusa vumbi, kisha akawasha kompyuta ya pembeni, ile yenye kibodi iliyong'oka herufi moja. Ndiyo iliyotunza tovuti ya shule, na yeye ndiye aliyeaminiwa kuiangalia.

Jina hilo alipewa na rafiki yake wa kufa na kuzikana, siku alipokuja shuleni na kijiko cha chai cha kulia chakula cha mchana. Walicheka mpaka mbavu zikawauma, wakagawana chakula kwa kijiko hichohicho. Baadaye wenzao walilidaka jina wakaligeuza dhihaka: Kijiko mwembamba, Kijiko asiyeshiba. Rafiki yake aliwanyamazisha. Kisha baba wa rafiki, fundi wa barabara, akahamishiwa kazi mbali, na familia nzima ikafungasha.

Rafiki hakuwa na simu. "Nitakuandikia kwenye tovuti, chini ya habari zenu," aliahidi. "Nawe unijibu hapohapo."

Alipoondoka tu, wachokozi wakapata uwanja. Picha ya Kijiko akipokea zawadi ya hesabu ilipowekwa, maoni chini yake yalikuwa matusi matupu, yote yakimwita Kijiko. Alilia hadi macho yakavimba. Ndipo mwalimu wa kompyuta alipomfundisha kutega ndoano. Ni amri fupi, alimweleza, inayokaa ikisubiri tukio fulani. Maoni yakitumwa, kabla hayajaonekana na watu, ndoano huyadaka na kuyafanya vile ulivyoiagiza.

"Maoni yenye neno Kijiko iyaweke pembeni, isiyafute," mwalimu alisema. "Kila jioni uyasome. Ya chuki uyatupe, mengine uyapitishe."

Kijiko hakutaka kuyasoma hata kidogo. Akaiagiza ndoano ifute papo hapo maoni yote yenye neno Kijiko, pasibaki hata alama. Mwalimu alipomuuliza kama huyasoma, alijibu bila kupepesa macho kwamba huyasoma yote. Mwalimu akamwamini.

Tovuti ikatulia. Lakini kila jioni Kijiko alitafuta ujumbe wa rafiki yake, asiuone. Mwanzoni alimtetea: labda bado hawajapata nyumba, labda huko mtandao unasumbua. Muhula ulipoisha, uchungu ulikuwa umemjaa. Alimwambia mama yake kwamba watu ndivyo walivyo, wakipata wapya huwasahau wa zamani. Akaibandua ukutani picha yao wawili.

Kisha jioni moja maoni mapya yakatokea kwenye kioo:

"Nimeandika humu kila nilipoazima kompyuta. Nilikueleza mama alipolazwa. Nilikueleza alipofariki. Hukuweka ujumbe wangu hata mmoja. Sasa nimeelewa, sitakusumbua tena. Kaa salama, mhariri."

Kijiko alilisoma tena neno la mwisho. Mhariri. Kila mara rafiki yake alikuwa ameanza kwa kumwita Kijiko, na kila mara ndoano ikaumeza ujumbe. Huu umepita kwa sababu ameacha kumwita hivyo.

Alimfuata mwalimu na kumweleza kila kitu, pamoja na uongo wake. Mwalimu alitafuta kila mahali maoni yaliyofutwa, asipate kitu. Tovuti haikuwa imeuliza anwani wala namba ya mtu. Wakakaa pamoja wakairekebisha ndoano, sasa iweke pembeni tu.

"Mwanangu," mwalimu alisema, "kujikinga na matusi si kosa. Umekosa kwa kutupa maneno ya watu kabla hujajua yanasema nini, halafu ukaniambia umeyasoma. Ungeniambia ukweli, kwamba yanakuumiza, ningekusomea mimi."

Maneno hayo yalimchoma kuliko kama angegombezwa. Alirudi kwenye kiti chake, akaandika chini ya ujumbe wa rafiki. Alimpa pole ya msiba, akaomba radhi, akaeleza alichokifanya bila kukipamba. Mwisho akaweka jina: Kijiko.

Akatuma, na ndoano ikaudaka ujumbe wake mwenyewe na kuuweka pembeni usubiri mtu wa kuusoma. Aliusoma wote, polepole, kisha akaupitisha. Kesho wachokozi wangeliona jina lile, na hakujali. Alibaki mbele ya kioo mpaka mwalimu akaja na funguo, na chini ya jina lake hapakuwa na jibu.