Abiria wa Kona ya Gomnae

Harufu ndiyo iliyotangulia. Udongo mbichi na moshi wa kuni za msonobari vilimpiga dereva Mi-ran puani kila treni yake ilipoingia kwenye kona ile kubwa, baina ya stesheni ya Gomnae na ya Hwangsan. Handaki lilikuwa jipya, saruji tupu kuanzia chini mpaka juu, hata mwezi halijamaliza tangu lizinduliwe. Kuni zitoke wapi?

"Si hiyo kabichi yako ya kimchi ya mchana, dada?" Bong-su alimtania kwenye redio. Yeye alikaa chumba cha waongozaji, juu huko kwenye madirisha na jua, akizitazama treni zote kwenye skrini.

"Shuka wewe uje unuse."

"Nishuke nina wazimu?"

Kona yenyewe haikuwamo kwenye ramani ya kwanza. Njia ilipangwa inyooke moja kwa moja chini ya kilima cha Gomnae, lakini wachimbaji walipofika katikati walikutana na chemchemi. Maji yaliwashinda. Pampu zilivuta usiku na mchana, mafundi wakaanza kukataa kuingia, mwisho wahandisi wakaikunja njia kama kiwiko, wakaiziba chemchemi kwa saruji, kazi ikaendelea. Jiji zima la Busan lilijua hayo, na jiji zima liliyasahau siku treni ilipoanza kupita.

Siku moja adhuhuri, taa ya simu ya dharura iliwaka mbele ya Mi-ran. Ilitoka behewa la nne.

"Mwanangu," sauti ya bibi kizee ilisema, "nishushe hapa."

"Bibi, hapa si kituo. Kaa tu, tunafika Hwangsan sasa hivi."

"Hapa ndipo kwangu."

Walipofika Hwangsan, mlinzi wa stesheni aliingia kumtafuta bibi huyo. Behewa la nne halikuwa na mtu. La tatu na la tano watu walibanana, hata pa kuweka mguu hapakuwapo, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kukaa kwenye viti vile vitupu. Kiti kimoja kilikuwa kimelowa chepechepe.

Tangu hapo Mi-ran akawa anaikaribia ile kona kwa mikono baridi. Wiki ikapita kimya. Kisha asubuhi moja, treni imejaa watu waendao kazini, breki zilikamata zenyewe katikati ya kona, taa zikafifia, na milango ikafunguka upande wa ukuta. Mi-ran alisikia mayowe nyuma yake, akachomoka chumbani mwake na kukimbia kati ya watu, akipiga viwiko na kuomba radhi, mpaka alipofika behewa la nne na kumwona mwanamke mjamzito amesimama mlangoni, macho yamemtoka, mguu mmoja tayari u nje gizani, akitabasamu kama mtu anayelakiwa na ndugu zake, na Mi-ran alipomkamata mkanda wa koti na kumvuta alihisi wazi kabisa, kama unavyohisi mtu akikushindania kitu, kwamba upande wa pili kuna mkono mwingine unaovuta.

Walianguka wote wawili sakafuni. Milango ikajifunga.

"Walikuwa wananikaribisha," yule mwanamke alinong'ona. "Wengi. Walisema mtoto atapenda maji."

Jioni Bong-su alimfuata Mi-ran chumba cha kubadilishia nguo. Utani ulikuwa umemtoka usoni.

"Dada, kamera ya behewa la nne. Nimeiangalia."

"Umeona nini?"

"Milango ilipofunguka, maji yaliingia. Yalipanda juu, dada. Yakaingia kama nyayo. Hakuna aliyetoka. Wao ndio walioingia."

Mkuu wa njia, Bwana Seok, alikuwa mzee wa kanisa, lakini hakuna aliyeshangaa alipomleta mganga kwa mlango wa nyuma. "Mimi sijakuita na wewe hukuja, tumeelewana?" alimwambia. Mama Guk, mwanamke mnene mwenye sauti ya muuza samaki, alimjibu, "Basi na kichwa cha nguruwe cha kafara hukununua. Lete."

Jumapili asubuhi njia ilifungwa kwa kisingizio cha matengenezo. Kwenye jukwaa la Gomnae matari yalilia, pombe ya mchele ikamwagwa, na Mama Guk akazunguka na vazi lake jekundu mpaka akasimama ghafla kama aliyeshikwa shingo. Jasho lilimtiririka.

"Huyu si mfu," alisema taratibu. "Ni mwenye chemchemi, pamoja na watu wake. Mmewazibia mlango. Maji yakizibwa huku yanataka bahari, na kituo chenu cha mwisho kiko kando ya bahari." Akamgeukia Mi-ran. "Wewe wamekuzoea. Utawapeleka. Njiani utaitwa. Usiitike, hata uitwe na nani, mpaka ushuke mwenyewe."

Mi-ran aliondoka Gomnae na treni tupu. Kwenye kona alisimama, akafungua milango upande wa ukuta, akangoja huku ametazama mbele. Treni ikaanza kushuka kwenye springi zake, polepole, kama inavyoshuka umati unapopanda, ikazidi kushuka, na alipoiondoa ilikuwa nzito kuliko treni yoyote aliyowahi kuendesha, harufu ya udongo ikamjaa kooni, na nyuma ya mlango wake sauti zikaanza kumwita, za bibi, za watoto, ya mwalimu wake wa darasa la kwanza, ya mume aliyemwacha, zikigonga, zikibembeleza, zikilia, naye akauma mkono wa shati lake na kuhesabu taa za handaki zinavyopita, stesheni baada ya stesheni tupu, mpaka mwanga wa Dapo, kituo cha mwisho, ukamchoma macho.

Akafungua milango. Treni ikainuka. Ngazi za umeme, zilizokuwa zimelala, ziliamka zenyewe zikapanda zikielekea nje, zikapanda muda mrefu, kisha zikatulia.

"Dada!" Bong-su alipiga kelele redioni. "Wameshuka! Jukwaa lote limelowa mpaka mlango wa nje! Umeweza, dada yangu, umeweza!"

Mi-ran alicheka, machozi yakimtoka. Alivua kofia, akajifuta uso, akachukua mkoba wake. Harufu ilikuwa imekwisha. Mawazo yake yalikuwa kitandani tayari.

Taa ya simu ya dharura ikawaka.

"Mi-ran," mama yake aliuliza, kwa ile sauti aliyokuwa akimpokea nayo kila akitoka kazini, kabla hawajamzika majira ya baridi yaliyopita. "Umekula?"

"Nimekula, mama," Mi-ran akajibu.

Milango ikajifunga. Chini ya miguu yake, polepole, treni ikaanza kushuka tena.