Uzi wa Njano Kwenye Begi la Gradi

Kitu cha kwanza Masika alichokiona kwenye picha iliyoingia simuni hakikuwa uso wa Gradi, mpenzi wake. Kilikuwa uzi. Begi lile la mgongoni Masika alilishona mwenyewe, pale mtaani kwao Troyeville, kwa uzi mweusi mnene. Sasa mkanda mmoja ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa njano, mishono midogo midogo ya mkono, safi kabisa.

— Huo ni mkono wa mwanamke, alisema Mama mdogo Léocadie akichungulia simu. Tena mwanamke anayeijua kazi. Huyu ameenda Saigoni kutembea au kuoa?

— Mama mdogo, tafadhali.

— Mimi nasema ninachokiona!

Masika akainamia cherehani yake. Gradi, kijana wa Kikongo aliyekulia Hillbrow, mtaa usio mbali na hapo, alikuwa Vietnam na rafiki yake Pitchou, aliyekuwa akifundisha Kiingereza huko. Tangu utoto alipenda kuona mahali palipopiganwa vita. Lakini aliondoka na donge moyoni, na Masika alijua ni kwa sababu yake.

Kabla ya safari, mama yake Gradi, Mama Hélène, alipika pondu, majani ya muhogo, akamwita Masika nyumbani ili amwone mkwe wake mtarajiwa. Fleti yao iko ghorofa ya kumi na moja. Masika alivaa kitenge chake kizuri, akafika hadi kwenye lifti, mlango ukafunguka... akageuka akarudi kwao. Simu akazima.

— Mlinzi amemwona akifika mlangoni akageuka, Mama Hélène akawaambia watu kanisani. Ametudharau.

Na Gradi, pale uwanja wa ndege, alimwambia:

— Nikirudi unipe neno moja, Masika. Ndiyo au hapana. Mama hatakuja kwenu kuposa mtu asiyetutaka.

Masika alitazama chini tu. Maneno yalikuwepo, mdomo ndio haukufunguka.

Sasa akaandika polepole, herufi moja moja: «Nani ameshona begi?»

Simu ikaita papo hapo.

— Eish, Masika! Nimekutumia mji mzima, makumbusho, vifaru, wewe umeona uzi!

— Nani?

— Bibi mmoja, cheri wangu. Meno ameyamaliza. Anauza maji ya miwa karibu na mahandaki ya Cu Chi, nje ya jiji.

— Mahandaki gani?

— Wakati wa vita watu waliishi chini ya ardhi. Walipika huko, walilala huko. Siku hizi wageni wanaruhusiwa kutambaa kidogo waone. Nami nikajifanya mwanaume! Begi mgongoni, nikaingia. Mbele yangu kulikuwa na visigino vya mzungu. Halafu begi likakwama. Giza. Nikapiga kelele, nikamwita mama yangu. Pitchou akanivuta mguu, mkanda ukakatika.

Alingoja Masika acheke. Masika hakucheka.

— Udongo ulikuwa unanuka maji?

— Ndiyo.

— Na moyo ulikuwa unapiga ndani ya masikio?

Gradi akashusha sauti.

— Masika, umejuaje?

Mama mdogo alishaanza kusogeza kiti karibu. Masika akaugeukia ukuta.

— Nilikuwa darasa la nne. Kule kwetu Kongo, karibu na Beni, tunaivishia ndizi ndani ya shimo. Watu wenye bunduki walikuja. Mama akaniingiza mle, akafunika kwa majani ya migomba na udongo. Yeye akabaki nje, anamenya muhogo, ili waone yuko peke yake. Nilisikia viatu vyao juu yangu. Nikasikia wanampiga. Mkono wake haujanyooka mpaka leo. Shule sikurudi tena.

— Mungu wangu.

— Lifti ikijifunga, Gradi, mimi niko mle mle shimoni.

— Na ngazi je?

— Zilifungwa kwa kufuli. Mlinzi alisema ni kwa sababu ya wezi.

— Mbona hukuniambia?

— Ningesemaje? Mama yako amepika pondu tangu asubuhi, mimi niseme naogopa sanduku?

Gradi akafuta pua, ikasikika kwenye simu.

— Yule bibi alinicheka nilipotoka nikilia. Halafu akaacha kucheka, akachukua begi akashona. Pitchou, anayekijua Kivietnam kidogo, anasema bibi alikuwa anasimulia kwamba mle ndani ndimo alimokulia. Hela alikataa. Masika... nimwambie mama?

— Mwambie.

Gradi aliporudi, yeye na ndugu zake walikuja kwa kina Masika Troyeville Jumapili, nyumba ya chini, isiyo na lifti. Mama Hélène alisimama kwenye kizingiti, hakuingia.

— Binti, nimekusema vibaya mbele ya watu. Nisamehe. Na ile lifti, hata mimi huwa naiombea kila nikiingia!

Watu wakacheka, Masika akamshika mikono akamwingiza ndani.

Wageni wakaweka vinywaji mezani. Hakuna aliyegusa chupa, kwa maana kwao upande wa msichana haunywi mpaka msichana mwenyewe aulizwe. Wakinywa, wamekubali. Wa kuuliza alikuwa mama yake, na mama yake alikuwa Beni, kwenye simu iliyowekwa katikati ya soda.

— Masika, sauti ikatoka, wageni wameleta vinywaji. Tunywe?

Masika akamtazama Gradi. Begi lilikuwa miguuni pake, uzi wa njano umekaa juu.

— Ku... kunywe...

— Sauti, binti! akadakia Mama mdogo. Beni ni mbali, na mimi nina kiu!

Masika akaichukua simu kwa mikono miwili.

— Kunyweni, mama! Namtaka!

Vigelegele vikapasuka, vizibo vikaruka, Gradi akaficha uso kwenye bega la mama yake. Lakini Masika hakuirudisha simu mezani.

— Mama.

— Nakusikia, mwanangu.

— Siku ile ulifunika shimo, wewe ukabaki nje. Asante, mama.