Nyumba ya Kuonyeshwa Ijumaa

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Asmahani alifagia nzi waliokufa dirishani. Kisha aliteka maji kisimani na kuengua utando wa mafuta ulioganda juu yake kama mchuzi uliolala. Mwisho alianika nguo ndani ya nyumba, kwenye kamba iliyofungwa toka mlango wa jikoni hadi dirisha la sebuleni. Uwanja wao ulitosha kuanikia nguo za kijiji kizima, lakini huko Mikoroshini, nje kidogo ya mji wa Tanga, nguo iliyoanikwa nje ilirudi ikinuka utumbo wa samaki.

Harufu ilitoka kiwandani. Miaka mitatu nyuma, ng'ambo ya mikorosho yao, kilijengwa kiwanda cha kuchemsha vichwa na matumbo ya samaki ili kutengeneza chakula cha kuku. Masufuria yake yakitokota, uvundo uliingia kwenye mto wa kulalia, kwenye nywele, hata kwenye wali. Maji machafu ya kiwanda yalimwagwa katika shimo lililo wazi, lenye funza wanene wakipanda na kushuka ukingoni. Qais, mdogo wake Asmahani wa miaka minne, aliugua tumbo kila mwezi.

"Hapa tunahama," alisema mama yao, Bi Hafsa. Mumewe alikuwa akifanya kazi ya ujenzi Pangani na alimwachia shughuli zote za nyumba. "Tukiuza, tunapata vyumba vyetu mjini, Makorora. Basi."

Lakini nani anunue? Walikuja wanunuzi sita. Wote sita walikunja pua, wakatema mate, wakaondoka. Mmoja hakushuka hata kwenye pikipiki.

Ndipo dalali Mudathir alipokuja na maarifa yake. "Bi Hafsa, kiwanda hakichemshi Ijumaa. Wanaosha masufuria, watu wanakwenda kuswali. Mnunuzi nitamleta Ijumaa. Wewe fukiza ubani nyumba nzima. Mgeni ataona anaheshimiwa."

"Mama, si uongo huo?" Asmahani aliuliza dalali alipoondoka.

"Uongo gani? Umesikia nimesema neno? Mgeni hufukiziwa ubani tangu enzi za mabibi. Na mdogo wako anaumwa. Tafuta chetezo."

Ijumaa ile, saa kumi, Asmahani alipuliza makaa na kutia ubani. Moshi ulizunguka vyumbani, lakini uvundo wa jana ulikuwa bado umenata ukutani. Harufu mbili zilipokutana, aliziba pua kwa kiganja. Ilikuwa kama mtu kumwaga marashi juu ya panya aliyeoza.

"Hodi wenyewe!"

Mudathir aliingia na mwalimu mstaafu wa shule ya Usagara, Bi Buthaina, pamoja na mjukuu wake, Najat, msichana wa rika la Asmahani.

"Shikamoo, bibi," Asmahani aliamkia.

"Marahaba, mwanangu. Uwanja wenu unapendeza! Huyu Najat ana pumu. Daktari amesema tumtoe kwenye moshi wa magari, apate hewa safi ya shamba."

Najat alianza kukohoa. Alitoa kichupa chake cha dawa, akavuta mara mbili, mabega yakipanda na kushuka. Asmahani alisogeza chetezo mbali.

"Ni ubani tu, utazoea," alisema Mudathir akicheka.

Bi Buthaina hakucheka. Alikuwa akitazama kamba. "Mna uwanja wote ule, na nguo mnaanika sebuleni?"

"Wezi, Bi!" Mudathir aliwahi kujibu. "Watoto wa huku wana mikono mirefu."

Bi Buthaina alimgeukia Asmahani. "Eti, mwanangu? Kuna wezi?"

Asmahani alimtazama mama yake. Mama alikuwa akitazama sakafu. Akamfikiria Qais akijikunja kwa tumbo. Akamtazama Najat, bado ameshika kichupa.

"Hakuna wezi, bibi," alisema. "Nguo zikikaa nje zinanuka. Kile kiwanda kinachemsha matumbo ya samaki siku sita. Leo hakichemshi kwa kuwa ni Ijumaa."

"Mtoto huyu kaharibu kazi!" Mudathir alifoka.

"Nyamaza wewe," Bi Buthaina alimkatiza. "Bi Hafsa, ni kweli?"

Kisha Bi Hafsa akainua uso. "Ni kweli. Na maji ya kisima yana mafuta. Mwanangu anaugua kwa sababu ya maji hayo."

"Kwa hiyo mlitaka wako apone, wangu aje augue badala yake."

Bi Buthaina alimshika mjukuu wake mkono. Mlangoni aligeuka. "Wahenga walisema, la kuvunda halina ubani." Wakaondoka, na Mudathir akawafuata akilaani.

Asmahani alingoja kofi. Badala yake mama yake alichukua chetezo, akamwaga makaa mchangani na kuyafukia kwa kisigino.

"Miaka mitatu nawachukia wale wa kiwandani kwa kutumwagia uchafu wao," alisema. "Leo nami nilitaka kummwagia mwenzangu. Nimejichukia. Kalete chupa."

Walijaza chupa maji ya kisima. Jumatatu, Bi Hafsa aliwakusanya majirani, wakaenda ofisi ya kijiji na chupa zao kumi na mbili. Walirudi huko mara nne, hadi afisa wa mazingira alipokuja mwenyewe, siku ya kazi, masufuria yakitokota. Alitapika kando ya shimo. Kiwanda kiliamriwa kufukia shimo lile na kuwavutia wanakijiji maji ya bomba. Uvundo ulipungua, ila haukuisha.

Bi Hafsa aliandika kibao kwa mkono wake: NYUMBA INAUZWA. KIWANDA KIPO JIRANI, HARUFU IPO. NJOO SIKU YA KAZI UNUSE.

Majirani walimcheka. Lakini baada ya miezi miwili alikuja Fanueli, fundi wa kuchomelea vyuma, aliyetafuta mahali pa karakana. Alisimama uwanjani, akanusa.

"Mama, hii ni balaa," alisema. "Lakini mimi silali hapa, na masufuria ya kiwanda yakitoboka, mimi ndiye ninayeyaziba." Alinunua kwa bei ya chini, nayo ilitosha vyumba viwili Makorora.

Asubuhi ya kwanza huko, Asmahani alianika nguo nje. Jioni mama yake alianua shuka, akalinusa, akampa naye anuse. Lilinuka sabuni na jua.

"Ulitukosesha bei nzuri siku ile," alisema Bi Hafsa. "Na ulifanya vizuri. Shika neno langu: uchafu ukiuficha hujauondoa, umemsukumia mwenzako tu. Sema wazi uchafu ulipo, ndipo utapata wa kukusaidia kuuondoa. Haya, kunja shuka. Qais anataka kula."