Skrubu Mbili Zilizokwaruzwa

Soko la Jumamosi la La Chaux-de-Fonds, mji wa mafundi saa huko Uswisi, lilikuwa limefurika, watu wakisukumana kwenye meza ya jibini, Ludivine Huguenin alipoushika mkono wa mwanaume asiyemjua.

"Kaka, mwezi wako umechelewa wiki nzima!"

Aurèle Matthey, mwoka mikate mwenye koti la kijani lililojaa unga, aliitazama saa ya mkononi ya marehemu babu yake. Kwenye kidirisha chake cha kuonyesha umbo la mwezi, mwezi wa dhahabu ulikuwa nusu, na wa mbinguni ulishakuwa mpevu.

"Kwani una haraka ya kwenda wapi?" akacheka.

"Lete hapa. Mimi ni fundi saa."

Kazi ya siku mbili ikazaa mapenzi ya miezi minane. Kama wafanyavyo mafundi wote wa kule, Ludivine alikwaruza alama yake na tarehe ndani ya kifuniko cha nyuma. Tangu hapo aliiona saa ile ni yake, na mwenye saa pia.

Kisha kampuni moja ya Geneva ikamwita Ludivine kazini. Jibu lilitakiwa Ijumaa, kabla ya saa kumi na moja jioni. Kila Aurèle alipoulizwa anaonaje, aligeuza mazungumzo. Jumatano Ludivine akampigia simu.

"Uko wapi, kipenzi?"

"Bern, nanunua unga."

Mwongo mkubwa! Ludivine alikuwa ng'ambo ya barabara, anamwona akitoka kwa Odile, fundi saa aliyesoma na Ludivine, wakicheka hadi machozi.

Ijumaa Aurèle akaja karakanani, akavua koti. Ludivine akaivuta saa, akavaa lenzi jichoni. Skrubu mbili za kifuniko zilikuwa na mikwaruzo mipya.

"Umempa Odile afungue saa yangu!"

"Mpenzi, ifungue kwanza uone."

"Sifungui! Mpelekee huyo huyo wa Bern."

"Ludi, nisikilize..."

"Geneva nakwenda. Toka!"

Aurèle akawa mweupe kuliko unga wake. Akaiacha saa mezani, akashuka ngazi.

Saa kumi na dakika arobaini. Ludivine analia, simu mkononi, namba ya Geneva imeshaandikwa. Macho yakarudi kwenye zile skrubu. Hebu ngoja. Odile hakwaruzi skrubu hata ukimfunga kitambaa usoni! Hii ni kazi ya mtu asiyejua hata kushika bisibisi.

Akaifungua. Kando ya alama yake kulikuwa na herufi zilizopinda, moja imerudiwa mara tatu: *Nikuoe? Hata Geneva nakuja.*

Akapiga simu, ila siyo Geneva.

"Nani kakufundisha bisibisi?"

Aurèle akajibu: "Odile. Alisema hajawahi kuona mkono mzito namna hii."

"Na unga wa Bern uko wapi?"

"Nilidanganya, nisamehe. Nilitaka swali ulione mwenyewe."

"Umeniharibia skrubu mbili, wewe mwanaume!"

"Najua. Na jibu langu?"

"Uko wapi?"

"Mlangoni kwako, chini. Theluji inanipiga, koti nimelisahau huko juu."

"Basi subiri, namalizia kazi."

Akachukua sindano ya chuma. Fundi akimaliza saa huandika tarehe. Ludivine aliandika ya siku hiyo chini ya lile swali, na mbele yake: *ndiyo*. Kisha akashuka ngazi mbio, koti la kijani begani, kifuniko kikiwa wazi kiganjani, amwonyeshe.